Yuniti za stima huliwa na nini nyumbani?

KATIKA vijiji vingi vya Kitui na Makueni, stima iliyongojwa kwa miaka mingi imefika, na pamoja nayo limefika swali ambalo watumiaji wa mafuta ya taa hawakuwa nalo: mbona yuniti zimekwisha? Aliyewasha koroboi aliona mafuta yakishuka ndani ya chupa. Mwenye mita huona tarakimu tu zikipungua, na mara nyingi lawama humwangukia mtoto anayetazama runinga, ilhali mlaji halisi ametulia kimya jikoni.

Mradi wa Last Mile, ulioanzishwa mwaka 2015, ulipunguza ada ya kuunganishiwa umeme kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, na wengi waliruhusiwa kuilipa kidogo kidogo. Nyaya zikafika kwa watu ambao hawakuwa wamewahi kununua chochote cha umeme isipokuwa betri za redio. Fundi alipomaliza kufunga mita aliondoka, na ni wachache walioelezwa kwamba balbu na birika havifanani hata kidogo mbele ya mita hiyo.

Kutojua tofauti hiyo kuna gharama, na gharama yenyewe iliongezeka Aprili 2023. Mwezi huo, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilianza kutekeleza bei mpya zilizowagawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu. Anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi aliwekewa bei ya msingi ya Sh12.22 kwa yuniti. Anayevuka 30 lakini hapiti 100 akawekewa Sh16.30, na anayepita 100 akapanda hadi Sh20.97. Kabla ya hapo, tangu Novemba 2018, kundi la bei nafuu lilikuwa limefika hadi yuniti 100. Kwa hiyo familia ya Wote au Mwingi iliyozoea yuniti 60 kwa mwezi ilijikuta nje ya kundi hilo bila kuongeza hata balbu moja.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba bei ya kundi hutozwa kwa yuniti zote, wala si kwa zile za ziada pekee. Kwa bei hizo za 2023, yuniti 30 ziligharimu Sh366.60 kabla ya kodi na tozo. Yuniti 31 ziligharimu Sh505.30. Yuniti hiyo moja ilileta tofauti ya Sh138.70. Kwenye mpaka wa pili mambo huwa mabaya zaidi: yuniti 100 zilikuwa Sh1,630, na 101 zikawa Sh2,117.97. Kundi la mteja huamuliwa kwa wastani wa miezi mitatu, hivyo basi mwezi mmoja wa wageni au wa matanga hauadhibiwi papo hapo, lakini huuvuta wastani juu, na athari yake huonekana baadaye wakati mwenye nyumba amekwisha kusahau wageni wenyewe.

Ili kuelewa mita inahesabu nini, ni vyema kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Wati ni kipimo cha kasi ya kutumia umeme. Yuniti ni kiasi kilichotumika. Wakazi wa Ukambani, ambao wamepanga foleni kwenye vioski vya maji tangu utotoni, wana mfano ulio karibu: wati ni kasi ya maji yanayotoka bombani, na yuniti ni mitungi iliyojaa. Bomba linalotiririka kwa nguvu likifunguliwa kwa dakika mbili laweza kujaza mtungi mmoja tu, na bomba linalodondoka usiku kucha likajaza mitungi mitatu.

Hesabu yake ni hii: wati za chombo zizidishwe kwa saa ambazo kimewaka, kisha zigawanywe kwa 1,000. Wati zimeandikwa kwenye kibandiko kilicho nyuma au chini ya chombo, kando ya herufi W. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme kwa saa nzima bila kukatika hula yuniti moja. Balbu ya kisasa ya LED yenye wati 9 italazimika kuwaka saa 111 ndipo ile yuniti hiyo hiyo. Balbu ya zamani ya wati 60, inayotoa mwangaza unaokaribiana na wa LED hiyo, haitamaliza saa 17.

Simu ndiyo hushangaza zaidi. Betri ya simu kubwa ya siku hizi, ukijumlisha na umeme unaopotea kwenye chaja, huhitaji kama wati 25 kwa saa moja ili ijae. Yaani yuniti moja hujaza simu 40. Mwenye kibanda sokoni anayetoza Sh10 kwa kila simu hukusanya Sh400 kutokana na yuniti moja. Mzazi anayemkemea kijana kwa kuchaji simu usiku anapoteza pumzi.

Kanuni inayofaa kukumbukwa ni kwamba chombo kinachotengeneza joto hula sana, na chombo kinachotoa mwanga, sauti au picha hula kidogo. Birika, pasi, koili ya kuchemshia maji, jiko la umeme na bomba la kuogea lenye hita vyote huanzia wati 1,000 kwenda juu. Redio haizidi wati 10 au hivi. Runinga bapa ya inchi 32 hutumia kati ya wati 40 na 60, ilhali ile nene ya zamani ya inchi 21 ilikula karibu maradufu.

Maji ya moto yana hesabu yake, na ni nyepesi. Lita zizidishwe kwa digrii za joto zinazoongezwa, kisha zigawanywe kwa 860. Jibu ni yuniti. Chai ya lita moja na nusu, kutoka digrii 25 hadi kuchemka, huhitaji yuniti 0.13. Hiyo si hasara ya kumkosesha mtu usingizi. Ndoo ya lita 20 ya kuoga, kutoka digrii 18 hadi 40, huhitaji nusu yuniti. Kule Kibwezi na Mutomo wengi huoga maji yalivyo na suala hili haliwahusu, lakini kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu, mwezi Juni na Julai, ndoo ya maji moto si anasa. Ndoo nne kwa siku ni yuniti mbili, na kwa mwezi ni 60.

Bomba la kuogea lenye hita ni balaa zaidi, kwa sababu maji hutiririka bila kupimwa. Lile la wati 5,000 likifunguliwa dakika kumi hula yuniti 0.83. Watu watano, kila mmoja dakika kumi, ni zaidi ya yuniti nne kwa siku na 125 kwa mwezi. Chombo hicho kimoja chatosha kuipandisha nyumba hadi kundi la bei ya juu kabisa, hata ikiwa wenyeji hukaa gizani jioni.

Jokofu nalo ni la aina yake, maana wati zake ni chache lakini halilali. Kibandiko chaweza kuonyesha wati 120, na mwenye nyumba akadhani kwamba kinachohitajika ni kuzidisha kwa saa 24. Sivyo. Mashine iliyo ndani huwaka na kuzimika yenyewe kulingana na joto. Ikiwa inafanya kazi kwa asilimia 40 ya muda, jokofu hilo hula yuniti 1.15 kwa siku, takriban 35 kwa mwezi. Ndiyo kusema kwamba peke yake limevuka mpaka wa kundi la bei nafuu.

Asilimia hiyo hutegemea sana mahali. Jokofu lile lile likitolewa Nunguni na kupelekwa Mtito Andei litafanya kazi kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa hewa inayolizunguka ni ya moto zaidi na joto linalofukuzwa ndani halipati pa kwenda. Likisukumwa hadi ukutani, au likiwekwa kando ya jiko, au chini ya mabati yasiyo na dari, hali huwa hivyo hivyo. Sufuria ya mboga yenye mvuke ikiingizwa ndani, mashine italazimika kwanza kuipoza sufuria. Mpira wa mlango uliolegea hupimwa kwa karatasi: ikifungiwa mlangoni kisha ikachomoka bila kukaza, baridi inatoka hapo mchana na usiku.

Kanuni za mwaka 2016 kuhusu matumizi ya umeme ya vifaa zinataka majokofu mapya yanayouzwa nchini yawe na kibandiko cha nyota, kati ya moja na tano, pamoja na yuniti ambazo chombo hula kwa mwaka. Tarakimu hiyo ya mwaka ndiyo ya kutazamwa dukani kuliko nyota zenyewe. Jokofu lililoandikwa 220 hula yuniti 0.6 kwa siku. Lile la mtumba lililoletwa kutoka Ulaya kwa bei nafuu laweza kula mara mbili au tatu zaidi, na nafuu ya bei ikamezwa na mita.

Ichukuliwe sasa nyumba ya kawaida huko Kabati au Emali isiyo na jokofu. Ina balbu tano za wati 9 zinazowaka saa tano, runinga ya wati 50 kwa saa tano, redio ya wati 10 kwa saa sita, simu mbili, na kisimbuzi cha wati 10 ambacho hakichomolewi. Vyote hivi hula yuniti 0.825 kwa siku, yaani 24.75 kwa mwezi. Sare za shule zikipigwa pasi mara tatu kwa wiki, takriban yuniti 0.3 kila mara, zitaongezeka kama nne. Jumla haifiki 29. Nyumba hiyo imo ndani ya kundi la kwanza, lakini imesimama ukingoni.

Katika orodha hiyo, kisimbuzi ndicho cha kutiliwa shaka. Runinga ikizimwa kwa rimoti, watu hudhani kisimbuzi nacho kimelala, kumbe vingi huendelea kuvuta umeme karibu kama kawaida. Kikichomolewa kwa saa 19 ambazo hakuna anayetazama, nyumba huokoa yuniti 5.7 kwa mwezi, kiasi kinachozidi umeme wa pasi yote ya sare. Jokofu la yuniti 0.6 likiletwa, jumla hupanda hadi karibu 47, na bei ya kila yuniti, hata ya ile balbu ya chooni, hubadilika. Hiyo si sababu ya kutonunua jokofu. Mwenye kuuza maziwa au soda huko Zombe hurudisha fedha zake. Ni sababu ya kujua mapema.

Wafugaji wa kuku wana hesabu yao, na ni chungu. Taa ya joto ya kulelea vifaranga huwa na wati 250. Ikiwaka usiku na mchana hula yuniti sita kwa siku, na katika majuma matatu zimekwenda 126. Mfugaji wa Makueni aliyenunua vifaranga mia moja huona tokeni zikiyeyuka na kudhani mita imeharibika. Sehemu kubwa ya joto hilo hupaa hadi kwenye mabati. Kizimba kidogo chenye kuta za maboksi, kifuniko na maranda chini huhitaji taa ndogo zaidi, na katika mchana wa Kitui wa digrii 30, vifaranga waliopita wiki ya kwanza waweza kukaa saa kadhaa bila taa yoyote. Kuku jike wa kienyeji, bila shaka, huifanya kazi hiyo yote bila mita.

Upande wa mapishi, watu wengi wameapa kutopikia stima, na kwa jiko la koili wana haki. Isyo au muthokoi uliochemshwa kwa saa mbili na nusu kwenye koili ya wati 1,500, hata moto ukipunguzwa, waweza kumaliza yuniti mbili au zaidi. Lakini sufuria ya umeme ya shinikizo, yenye wati 1,000, hufungwa kabisa, hupanda joto mara moja, kisha hukata umeme na kuuwasha kwa vipindi vifupi tu. Chakula hicho hicho humalizika kwa takriban nusu yuniti. Kwa bei ya Sh25 kwa yuniti, tozo zikiwemo, hiyo ni Sh12 na senti kadhaa kwa chungu kizima cha maharagwe na mahindi.

Suala hilo lina uzito katika kaunti ambazo makaa yamegeuka kuwa jambo la siasa. Mapema mwaka 2018, serikali ya Kaunti ya Kitui chini ya Gavana Charity Ngilu ilipiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaunti hiyo, na Februari mwaka huo serikali kuu nayo ikasitisha ukataji miti katika misitu ya umma. Mikokoteni ya magunia haikukoma barabarani. Hata hivyo, mpishi anayelinganisha mkebe wa makaa na nusu yuniti ana hesabu ambayo mama yake hakuwa nayo. Kikwazo ni bei ya sufuria yenyewe, na stima kupotea wakati chakula kimeiva nusu.

Kipo kikwazo kingine, nacho ni udhaifu wa umeme wenyewe. Nyaya za mashambani ni ndefu, na nyumba iliyo mwisho wa laini hupata volti pungufu jioni kila mtu anapowasha. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Ukishuka hadi 200, koili ya wati 1,500 hutoa wati zipatazo 1,040 pekee, na ugali huchelewa. Mita haidanganyi hapo, kwani inahesabu kile kilichopita. Hatari iko kwa jokofu na pampu ya maji: mota hushindwa kuanza vizuri, huvuta mkondo mkubwa na kuungua. Kifaa cha kulinda jokofu, kinachokata umeme volti zikishuka au zikipanda kupita kiasi, ni rahisi kuliko mota mpya.

Wengi hulalamika pia kwamba Sh500 za mwezi uliopita zilileta yuniti nyingi kuliko Sh500 za mwezi huu. Mara nyingi si wizi. Ujumbe wa tokeni huonyesha mafungu: bei ya msingi, gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya sarafu za kigeni na mfumko wa bei, tozo za EPRA, za usimamizi wa maji na za usambazaji umeme mashambani, pamoja na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Gharama ya mafuta na ya sarafu hutangazwa upya kila mwezi. Mteja ambaye bado analipa deni la kuunganishiwa huenda akakatwa sehemu kabla ya yuniti kuhesabiwa. Njia ya mkato ya kujua bei halisi ni kugawanya fedha zote zilizotumwa kwa yuniti zilizopokelewa.

Tozo ya maji yaweza kumchekesha mkazi wa Mwingi, ambaye kaunti yake inapakana na Bwawa la Kiambere katika Mto Tana. Mitambo ya Kiambere ina uwezo wa megawati 168. Ikifanya kazi kwa nguvu zote kwa saa moja tu, hutoa yuniti 168,000, zinazotosha nyumba 5,600 zinazotumia yuniti 30 kwa mwezi mzima. Nyaya kubwa kutoka Tana zilipita juu ya vijiji kwa miaka mingi kabla ya nyaya ndogo kuteremka.

Walioishi kwa kawi ya jua hawahitaji kufundishwa mengi kuhusu wati, maana betri yao ilikwisha kuwafundisha. Paneli ya wati 50, kwa saa tano za jua kali, hutoa robo ya yuniti kwa siku, na sehemu yake hupotea njiani kuelekea kwenye betri. Hapo hakuna pasi wala birika. Ni balbu, simu, redio, na runinga ndogo kwa zamu.

Soko la Kitonyoni katika Kaunti ya Makueni ni mfano wa ukubwa wa kati. Mwaka 2012, mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza ulijenga hapo mtambo wa jua wa kilowati 13.5 wa kuhudumia maduka, shule na kituo cha afya, na paa la paneli hizo likawekwa pia kukusanya maji ya mvua. Kwa jua la saa tano na upotevu wa kawaida, mtambo wa ukubwa huo waweza kutoa yuniti zipatazo 50 kwa siku. Kiasi hicho chatosha taa za soko zima, simu, runinga, kinyozi na jokofu kadhaa. Lakini mabomba matatu ya kuogea ya wati 5,000, yakifunguliwa kwa pamoja, yangeuzidi uwezo wa paneli zote hata saa sita mchana.

Asiyeamini vibandiko anaweza kuiuliza mita yenyewe. Mita nyingi za kidijitali zina taa ndogo nyekundu inayomweka, na karibu nayo pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila yuniti, mathalani 1,000 au 1,600. Zima kila kitu, washa chombo kimoja, kisha hesabu mimweko kwa dakika moja. Kwenye mita ya 1,000, zidisha kwa 60 upate wati. Kwenye ya 1,600, zidisha kwa 37.5. Jokofu la mimweko miwili kwa dakika kwenye mita ya 1,000 linatumia wati 120. Birika la wati 2,000 litamweka mara 33, na jicho litashindwa kufuatilia bila kusaidiwa na kidole. Kwa vyombo vidogo ni heri kuhesabu dakika kumi nzima.

Ikiwa kila kitu kimechomolewa na taa bado inamweka, kuna waya unaovuja au chumba cha jirani kilichounganishwa kwenye mita hiyo. Mtu wa kuitwa hapo ni fundi mwenye leseni ya EPRA, na swichi kuu ibaki imezimwa hadi afike.